Uzito, ukinzani na kani tokeo: kwa nini lori lako limerudi nyuma mlimani

Swali: "Mwalimu, salaam. Niko S5 (kidato cha tano) hapa Mbale, nasoma fizikia, kemia na hisabati. Tumepewa swali hili: lori lenye tungamo la kilo 10,000 linapanda mlima wenye mwinuko wa 1 kwa 20. Injini inalivuta kwa nyutoni 9,000, na ukinzani wote wa barabara na hewa ni nyutoni 2,100. Tafuta mchapuko wake. Mimi nimetoa uzito na ukinzani kwenye nguvu ya injini, nikapata hasi 9.11. Jibu la kitabu ni 0.2. Sielewi ni lini uzito unatolewa, ni lini unajumlishwa, na ni lini hauhesabiwi kabisa. Halafu kani tokeo, je, nayo naichora kwenye mchoro? Naomba unieleze polepole."

Mwanangu, salaam. Kabla hatujagusa hesabu, litazame kwanza hilo jibu lako. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde. Mchapuko wa hasi 9.11 maana yake ni kwamba lori hilo, huku injini ikivuta kwa nguvu zake zote, linarudishwa nyuma karibu sawa na jiwe lililoachiwa lidondoke kisimani, ambalo huchapuka kwa 9.8. Wewe unakaa Mbale. Umeyaona malori yakipanda kwenda Kapchorwa: yananguruma, yanatoa moshi, yanakwenda mwendo wa kutembea, lakini yanapanda. Basi jibu lenyewe lilikuwa linakuambia kwamba kuna kitu umekihesabu kupita kiasi, na ndani ya swali hili kitu kikubwa kiasi hicho ni kimoja tu, uzito.

Uzito wa lori ni 10,000 mara 9.8, yaani nyutoni 98,000. Uelekeo wake ni chini, wima kabisa, popote lori lilipo na lolote linalofanya. Uzito haujui kwamba kuna barabara. Barabara ndiyo inayoupokea: lami inalisukuma lori kwa pembe mraba na uso wake, na msukumo huo unaubeba karibu uzito wote. Ukipiga hesabu utakuta lami inabeba nyutoni 97,880 hivi. Sehemu hiyo haimzuii dereva wala haimsaidii. Kinachobaki ni sehemu ndogo ya uzito inayovuta kufuata mteremko, na hiyo peke yake ndiyo inayopigana na injini.

Ndogo kiasi gani? Mwinuko wa 1 kwa 20, kwa namna watunga mitihani wanavyousema, maana yake ni kwamba ukitembea mita 20 juu ya lami umepanda mita 1 kwenda juu. Kwa hiyo sini ya pembe ya mlima (kimo ulichopanda gawa kwa urefu uliotembea juu ya lami) ni 1 kwa 20, na sehemu ya uzito inayovuta kuteremka ni 98,000 gawa kwa 20, yaani nyutoni 4,900. (Mainjinia wa barabara wao hupima mita hizo 20 kwa usawa wa ardhi, si juu ya lami. Kwenye milima ya kawaida ya barabarani tofauti ni ndogo mno, lakini kwenye mtihani shika ile ya sini.)

Sasa hesabu inakuwa fupi. Kupanda: 9,000. Kuteremka: 4,900 na 2,100. Ukitoa unabaki na 2,000 kuelekea juu ya mlima. Gawa kwa tungamo la kilo 10,000, unapata 0.2. Kitabu kiko sawa.

Ningeweza kuishia hapo, ila hukuniuliza jibu, umeniuliza sababu. Na sababu inaanzia kwenye mchoro.

Kila kani ina mwenyewe. Kabla hujachora mshale wowote, taja kwa sauti ni kitu gani kinachosukuma au kuvuta. Uzito: dunia inalivuta lori. Msukumo wa pembe mraba: lami inalisukuma lori. Ukinzani: hewa inalisukuma nyuma, na matairi yanayobonyea yakigusana na barabara yanapunguza mwendo. Nguvu ya injini: hapa ukitafakari vizuri utaona kwamba anayelisukuma lori mbele ni barabara yenyewe, kwa msuguano chini ya tairi zinazozungushwa na injini. Ndiyo maana mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo lori lenye injini nzima kabisa linabaki pale pale, tairi zinazunguka tu na kurusha tope. Injini haijapungua nguvu hata kidogo. Aliyekosekana ni yule wa kulisukuma. Mtihani huufupisha msukumo huo kwa kuuita nguvu ya injini, na wewe uufupishe hivyo hivyo, mradi ujue unachokifupisha.

Sasa niambie, kani tokeo mwenyewe ni nani? Hakuna. Huwezi kunionyesha kitu kinachoitoa. Kani tokeo ni hesabu iliyobaki baada ya wote wenye kani zao kuvutana. Kwa hiyo usiichore pamoja na mishale mingine. Ukiichora utakuwa umezihesabu kani zile zile mara mbili, na ndivyo wanafunzi wengi wanavyopoteza alama bila kujua wamepotezea wapi. Hali kadhalika lile zao la tungamo na mchapuko: si kani ya tano inayosubiri kuchorwa. Sheria ya pili ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, inasema kwamba jumla ya kani zote ni sawa na tungamo mara mchapuko. Upande mmoja wa alama ya usawa wanakaa wanaosukuma na kuvuta, upande wa pili kinakaa kile kinachotokea kwa sababu yao. Usivuke mpaka huo. Kama unataka kuukumbuka uelekeo wa mchapuko, chora mshale wa mistari miwili pembeni kabisa, nje ya lori.

Turudi kwenye uzito. Umeuliza ni lini unatolewa, ni lini unajumlishwa. Nakusihi uache kuuliza hivyo, maana swali lenyewe ndilo linalokuyumbisha. Uliza badala yake: naelekea upande gani ninapohesabu, na uzito unavuta upande gani? Chagua uelekeo mmoja kuwa chanya, na mara zote uwe ule ambao kitu kinakwenda, halafu kila mshale utajiweka wenyewe mahali pake. Kwenye barabara tambarare uzito unavuta chini na mwendo ni wa mbele, basi hauingii kwenye hesabu ya mbele na nyuma. Ila uangalie: swali likikupa namba ya msuguano badala ya kukupa ukinzani kwa nyutoni, uzito unarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu msuguano unategemea jinsi kitu kinavyokandamiza sakafu. Hapo lazima uanze na msukumo wa sakafu, ndipo upate msuguano.

Ukinzani ndio mgumu zaidi ya uzito, na vitabu vingi vinaupita haraka. Uzito una uelekeo mmoja milele. Ukinzani unageuka. Kitu kikiwa kinakwenda, siku zote unapinga mwendo, si kani nyingine, na wala haujali nani anashinda kati ya injini na mlima. Lori likipanda, ukinzani unaelekea chini ya mlima. Lori likirudi nyuma, ukinzani unaelekea juu.

Chukua lori lako lile lile tuone. Linapanda kwa mita 14 kwa sekunde, karibu kilomita 50 kwa saa, mara injini inazimika na haivuti tena chochote. Breki hazijaguswa. Kani zilizobaki kwenye mteremko ni mbili: 4,900 ya uzito kuteremka, na 2,100 ya ukinzani, nayo kuteremka, kwa sababu lori bado linapanda. Jumla ni 7,000 kuelekea chini. Mchapuko ni 0.7 kinyume na mwendo. Kasi inaliwa 0.7 kila sekunde, kwa hiyo lori linasimama baada ya sekunde 20, likiwa limekwenda mita 140.

Tazama vizuri hapo. Kwa muda wa sekunde hizo 20 lori lilikuwa linapanda, na kani tokeo ilikuwa inaelekea chini. Hakuna ubishi kati ya mambo hayo mawili. Kani tokeo haikuambii kitu kinakwenda wapi, inakuambia mwendo wake unabadilika kuelekea wapi. Wengi huandika kwamba kama kitu kinapanda basi lazima kani ya kupanda iwe kubwa. Si lazima. Lori hili halikuwa na kani ya kupanda hata moja, na bado lilipanda mita 140.

Halafu limesimama, na taniboi bado hajaweka gogo nyuma ya tairi. Kinafuata nini? Uzito bado unavuta 4,900 kuteremka. Lori linaanza kurudi nyuma, na papo hapo ukinzani unageuka: sasa ni 2,100 kuelekea juu. Kani tokeo inakuwa 2,800 kuteremka, mchapuko 0.28. Mlima ni ule ule, lori ni lile lile, injini imezimwa vile vile, na mchapuko umeshuka kutoka 0.7 hadi 0.28 kwa sababu mshale mmoja umegeuka. Mtahini akitaka kujua kama mwanafunzi anaelewa au amekariri, hapa ndipo anapomtegea.

Kuna jambo jingine hapo hapo. Chukulia mwinuko ungekuwa mdogo, 1 kwa 50. Sehemu ya uzito inayovuta kuteremka ingekuwa 98,000 gawa kwa 50, yaani 1,960. Hiyo ni ndogo kuliko 2,100. Je, lori lingepanda lenyewe kwa 140 iliyozidi? Hasha. Lingesimama tu, na ukinzani ungekuwa 1,960 kamili, si zaidi. Kitu kikiwa kimesimama, ukinzani hutoa kiasi kinachotakiwa kukizuia, basi. Ile 2,100 ni kikomo chake, si deni ambalo lazima lilipwe lote. Kwa hiyo ukikuta kitu kimesimama, usichomeke namba ya ukinzani uliyopewa kabla hujauliza kama inahitajika yote.

Tuutoe mfano barabarani, tuupeleke kwenye jengo, ambako mwendo ni wa juu na chini na uzito wote unaingia kwenye hesabu. Ghorofa nyingi Kampala hujengwa kwa winchi: kapi juu, kamba, na ndoo ya zege inayopanda kati ya reli mbili za chuma. Tuseme ndoo pamoja na zege ni kilo 50, uzito wake nyutoni 490, na kusuguana na reli ni nyutoni 20. Kamba ikivuta 560, ndoo inapanda, ukinzani unaelekea chini pamoja na uzito, na kinachobaki ni 560 toa 490 toa 20, yaani 50. Mchapuko ni 1. Ikipanda kwa kasi isiyobadilika, kamba inavuta 510 kamili, si zaidi. Wanafunzi hulikataa hili. Wanahisi kwamba ili kitu kiendelee kupanda lazima kamba ishinde. Ilishinda mwanzoni, ndoo ilipokuwa inaondoka chini. Baada ya hapo kutoka sare kunatosha.

Ndoo ikikaribia juu, fundi analegeza, kamba inavuta 460. Kani tokeo: 460 toa 490 toa 20, hasi 50. Ndoo bado inapanda huku kasi yake ikipungua 1 kila sekunde. Baadaye ndoo inashuka, kamba ikivuta 460 ile ile. Sasa chanya ni chini. Uzito 490 kwenda chini, kamba 460 kwenda juu, ukinzani 20 umegeuka na kwenda juu. Kinabaki 10, mchapuko 0.2 kuelekea chini. Kamba haikubadilika hata nyutoni moja. Kama ungehesabu mara moja tu ukadhani jibu linafaa pande zote mbili, ungekosa.

Maswali ya gari lenye tela nitayapitia upesi, maana ukishashika mchoro hayana jipya. Pikapu ya kilo 1,500 inavuta tela la kilo 500 kwenye tambarare, nguvu ya injini 2,600, ukinzani wa pikapu 400, wa tela 200. Kwanza viunganishe viwe kitu kimoja: 2,600 toa 600 ni 2,000, gawa kwa kilo 2,000, mchapuko ni 1. Chuma kinachounganisha hakionekani kwenye hesabu hiyo kwa sababu kinavuta pande mbili sawasawa. Kisha lichukue tela peke yake: chuma kinavuta mbele, ukinzani 200 unarudisha nyuma, na kinachobaki lazima kiwe 500 mara 1. Chuma kinavuta 700. Hakiki kwa pikapu: 2,600 toa 400 toa 700 ni 1,500, na tungamo lake ni 1,500, mchapuko 1. Fanya uhakiki huo kila mara, hauchukui hata dakika. Onyo langu ni moja tu: unapochora tela peke yake, injini isionekane kwenye mchoro huo. Injini haigusani na tela.

Swali likitaja nguvu ya injini kwa wati, yaani kazi inayoifanya kila sekunde wala si mvuto wenyewe, gawa kwa kasi ndipo upate nyutoni. Injini ya kilowati 180 lori likienda mita 20 kwa sekunde inavuta 180,000 gawa kwa 20, ile 9,000 yako. Kasi ikiongezeka, mvuto unapungua, na kasi ya juu kabisa inafikiwa mvuto unapolingana na vinavyopinga. Kwenye mlima wako vinavyopinga ni 7,000, basi kasi ya juu ni mita 25.7 kwa sekunde, karibu kilomita 93 kwa saa. Jaribu sasa kwenye tambarare, ambako kinachopinga ni 2,100 peke yake: utapata zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Lori la tani 10! Hesabu haina kosa. Tatizo ni lile dai kwamba ukinzani haubadiliki. Hewa hupinga zaidi kadiri kasi inavyoongezeka, tena kasi ikiwa maradufu ukinzani wa hewa kwa vyombo vya barabarani huwa karibu mara nne. Watunga maswali hushikilia namba moja ili hesabu iwezekane, na wewe ukubali ndani ya mtihani, lakini ujue mpaka wake. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayotuokoa na mvua. Tone likidondoka kutoka mita 2,000 bila hewa lingefika chini kwa karibu mita 200 kwa sekunde. Kwa kweli hata matone makubwa hufika kwa mita 9 hivi, kwa sababu ukinzani hukua mpaka ulingane na uzito, na hapo kasi haiongezeki tena.

Kuhusu 9.8: soma maelekezo ya juu ya karatasi. Karatasi ya hisabati inayobeba mekanika hutumia 9.8, ya fizikia 9.81, na baadhi ya vitabu vya madarasa ya chini 10. Kwa kweli hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, ni 9.78 hivi. Usichanganye mbili ndani ya swali moja.

Sasa kazi yako. Lori lile lile linateremka mlima ule ule kwa mita 14 kwa sekunde, injini haivuti, ukinzani ni 2,100. Kwanza, breki zitoe kani gani ili kasi isibadilike? Utapata 2,800, ukikosa hapo, rudia mchoro. Pili, dereva anaona ng'ombe mbele na lazima asimame ndani ya mita 70. Breki zitoe kani gani? Ukipata 16,800, uko sawa. Ukipata 11,900, umeusahau uzito. Ukipata 21,000, umeuchora ukinzani ukielekea kule lori linakokwenda. Na ukipata 7,000, umeugeuza uzito ukapanda mlima.